Mabingwa wa Kubonyeza

Kule Las Vegas kuna mashindano ya poka ya mashine. Unalipa kiingilio, unapewa pointi zisizonunua hata chai, na dakika chache za kuzimaliza. Mwenye alama nyingi ndiye bingwa. Wataalamu wana mbinu: bonyeza upesi, usibakize pointi, na ukiachwa nyuma, vunja jozi yako uifukuzie royali flashi, seti ya karata iliyo bora kuliko zote, inayotokea takribani mara moja katika migao 40,000. Basi utawaona wasomi hao, shingo imekakamaa, jasho kwapani, kidole kikitwanga kitufe kama mchi. Hongereni! Ila kengele ikilia, walioshindwa hugeukia mashine za pembeni kujiliwaza, safari hii kwa pesa halisi. Mbinu hiyo ni ya mwenye kasino.