Dishi Juu ya Choo

Ukifika Mbagala ukapotewa na pande za dunia, usihangaike na dira wala kumuuliza bodaboda. Tazama madishi. Mengi yameelekea magharibi, kwa kuwa satelaiti ya Eutelsat inayorusha Azam TV iko juu ya ikweta kwenye nyuzi 7 mashariki, na sisi wa Dar es Salaam tuko nyuzi 39. Yale ya DStv, ambayo satelaiti yake iko nyuzi 36, hutazama kaskazini na kuinua uso karibu utosini.

Fundi wetu hayo hakuyajua, au aliyajua akayapuuza. Alikuja siku ya Simba na Yanga, saa tisa alasiri, mechi saa kumi na moja, akiwa na spana namba 13, koleo na drili ya kuazima. Mwenye nyumba alishatangaza kwamba ukuta wake hautobolewi hata kwa msumari wa kalenda. Kwa hiyo bomba la dishi likafungwa kwenye ukuta wa choo cha uani. Hakuna aliyegonga mlango kwanza. Mpangaji mmoja alitoka humo na vumbi la saruji kichwani, akafunga kanga vizuri, akapita katikati yetu bila salamu.

Kutega dishi kuna vifaa vyake. Pima maji, ili bomba lisimame wima. Dira, ambayo lazima uitumie mbali na mabati na nondo, maana chuma huidanganya. Na finda, kile kidude cha kupiga mluzi kinaponasa satelaiti. Fundi alikuwa na macho yake tu. Alipanda juu ya choo, akalikodolea macho dishi la nyumba ya nyuma, akalinakili.

“Unaiga lile?” jirani akauliza kutoka dirishani. “Lile lilikufa tangu enzi za Kikwete. Tunaanikia dagaa.”

Finda ikaazimwa mtaa wa pili. Ikapiga mluzi kwa furaha hadi watoto wakashangilia, lakini runinga ikaandika hakuna mawimbi. Finda za bei rahisi hushangilia satelaiti yoyote, ya kwako na ya Waarabu, nazo zimejipanga huko juu kwa wingi, kilomita 35,786 kutoka ikweta. Kwa umbali huo, ukikosea hapa chini kwa nyuzi moja tu, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Hiyo ni kama safari ya basi kutoka Dar hadi Arusha, na fundi alikuwa akilisukuma dishi kwa goti.

Tukaingia kwenye mfumo wa kelele. Dogo wa darasa la tatu akakaa mbele ya runinga kusoma ule mstari wa ubora, kwani mstari wa nguvu hupanda hata dishi likitazama mwembe. Mama muuza vitumbua akakaa mlangoni kupokea na kupeleka. Mtambo huu ungefanya kazi vizuri kama mafuta ya vitumbua yasingekuwa yanachemka. Dogo akapaza sauti, “Sitini!” Mama akafikisha, “Siioni!” Fundi akalizungusha dishi kwa hasira, na sitini yetu ikapotea.

Hapo ndipo mzee wa chumba cha mwisho, askari wa wanyamapori mstaafu wa Selous, aliposhindwa kuvumilia.

“Kijana, shuka.”

“Shikamoo mzee. Namalizia.”

“Marahaba. Shuka.”

Tukapewa somo ambalo hakuna aliyeliomba. Darubini ya bunduki, alisema, haifungwi kwa macho. Unaishika bunduki isicheze, unaweka pima maji ndogo juu yake, unaweka nyingine juu ya darubini, mpaka mapovu yote mawili yatulie katikati. Ndipo unakaza skrubu, moja huku, moja kule, kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu ya mkono. Ukimaliza upande mmoja kwanza, darubini inajiviringisha. Na darubini iliyolala kombo hutaigundua ukilenga karibu. Ukilenga mbali, risasi inakwenda pembeni. Alitaka kuendelea na habari ya nyati, lakini ilikuwa saa kumi na nusu.

Akatoa pima maji mfukoni. Kwa nini mtu mzima anatembea na pima maji mfukoni, sijui, na sikuthubutu kuuliza. Bomba lilikuwa limelalia upande wa kwa mwenye nyumba. Likanyooshwa, dishi likasogezwa taratibu, boliti zikakazwa kwa zamu, mama akaepua karai.

“Sabini na nne!” dogo akaita, na safari hii ikafika sabini na nne.

Tukakimbilia ndani. Dogo alikuwa bado anasoma, kidole kwenye kioo, kwa bidii ya shule: “Ki-fu-ru-shi cha-ko ki-me-kwi-sha.”

Fundi akasema hilo si eneo lake, akadai hela yake. Simu ya mwenye king'amuzi haikupatikana. Saa kumi na moja kasoro dakika chache sote tukawa kibanda umiza, mzee naye, shilingi mia tano kila kichwa. Picha ilikuwa safi kuliko tulivyostahili. Nje, dishi lao lilifungwa kwenye mnazi kwa mpira wa baiskeli, limelala kombo waziwazi.

Mzee akaingiza mkono mfukoni. Tulimshika watu wawili.