Namna ya Kuitwa Msomi kwa Silabi Mbili

Ulisoma ukasahau, au hukusoma kabisa: yote sawa. Ili uitwe msomi hapa Tabora huhitaji kitabu, unahitaji viambishi. Mzizi wa neno ni mali ya kila mtu. Kiambishi ndicho cheo. Fuata hatua hizi, na jirani asikuone.

Hatua ya kwanza: tanguliza u-

Kiambishi hiki kina historia nzuri mjini kwetu. Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, wakapokewa na Snay bin Amir, tajiri wa misafara. Burton alikuwa na sikio la lugha. Katika kitabu chake cha 1860 aliwaeleza Waingereza kwamba u- ni nchi, m- ni mtu mmoja, wa- ni watu, ki- ni lugha yao. Unyamwezi, Mnyamwezi, Wanyamwezi, Kinyamwezi: mzizi mmoja, maneno manne, na msomaji wa London akajiona ameshafika.

Usiidharau u- kwa ufupi wake. Wenyeji husema Buganda. Watu wa pwani waliopitia Tabora na Karagwe kwenda kwa Kabaka, mfalme wake, walitamka Uganda, kwa Kiswahili chao. Waingereza wakalichukua hivyo hivyo, na mpaka leo nchi nzima inaitwa kwa kiambishi cha misafara.

Hatua ya pili: igeuze u- iwe falsafa

Chukua neno la nyumbani, jamaa. Weka u-, umepata siasa ya taifa. Chukua beberu, dume la mbuzi anayesumbua zizi zima. Weka u-, umepata adui wa dunia. Ubepari na ukabaila vilitengenezwa vivyo hivyo. Julius Nyerere, aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937, aliufanya ujamaa kuwa dira ya nchi, na Azimio la Arusha la 1967 likaipigia mhuri. Ni kweli, yeye alikuwa na jambo la kusema. Wewe usijisumbue na hilo.

Hatua ya tatu: refusha nyuma

Hapa ndipo penye ulaji, basi nenda taratibu. Umesimama kwenye semina, mgeni rasmi anakutazama. Ukisema "wananchi washiriki", umekwisha. Utakaa chini bila makofi. Chukua shiriki, tia -sh-: shirikisha. Sasa kazi ni ya mtu mwingine. Tia -w-: shirikishwa. Huyo mtu mwingine naye katoweka. Funga kwa u- mbele na -ji nyuma: ushirikishwaji. Neno limejaa mdomo, mgeni rasmi anaandika, na mkutano wa kijiji bado haujaitishwa.

Kama unashika fedha za watu, soma aya hii mara mbili. "Nimetumia fedha" ni kukiri. "Fedha zimetumiwa" ni hatari kidogo, maana -w- humruhusu mkaguzi kuuliza: na nani? Wewe tumia -ik-: "fedha zimetumika". Baada ya -ik- hakuna mahali pa kumweka mtendaji. Sarufi yenyewe imemfungia mlango. Fedha ziliamka asubuhi, zikajitumia, zikarudi kulala.

Hatua ya nne: ukikwama, ki-

Huna hoja? Sema kimkakati. Huna takwimu? Sema kitaalamu. Huna vyote viwili? Anza na kimsingi, kisha nyamaza kidogo kama mtu anayepima uzito wa mambo.

Hatua ya tano: Kiingereza

Usitishike, Waingereza nao hubandika. Neno care ukilipa -ful, umepata mtu mwangalifu. Ukilipa -less, umepata mzembe. Mzizi ni ule ule, mkia tu ndio umebadilika.

Mbele ndiko kwenye mitego. Kiambishi in- hukana, lakini hubadili sura kwa kufuata herufi ya jirani: impossible kwa sababu ya p, illegal kwa sababu ya l, irregular kwa sababu ya r. Usishangae, sisi tunafanya hivyo kila siku bila kufundishwa: ubao huzaa mbao, ulimi huzaa ndimi. Mdomo hutafuta wepesi, iwe Ipuli yetu au Oxford.

Jihadhari na invaluable. Bosi akikuita hivyo usinune: maana yake una thamani isiyokadirika. Na lori la mafuta likiandikwa inflammable, usiwashe sigara eti in- imekanusha moto. Hapo in- haikanushi chochote. Flammable na inflammable zote hushika moto sawasawa. Mtihanini ukibahatisha utapoteza alama moja, kwenye lori utapoteza zaidi.

Hatua ya mwisho: ukiwa na haraka, iruke

Januari 1958 chama cha TANU kilikutana hapa hapa Tabora. Mbele yao palikuwa na uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walichukia masharti hayo, wakabishana hasa. Mwishowe wakakubali kushiriki. Hawakutaka ushirikishwaji, walisema tushiriki, wakashiriki, wakashinda, na mwaka 1961 nchi ikawa huru. Mkutano ule unaitwa Uamuzi wa Busara. Angalia mpangilio wake: waliamua kwanza, kiambishi kikaja baadaye.

Njia hiyo ipo na imejaribiwa, ila inataka mtu afanye jambo. Ikikushinda, rudi hatua ya tatu, na kabla hujaondoka ukumbini hakikisha umesaini karatasi ya posho.