Namugongo kwa Miguu, Ukiwa na Kitambi

Kwanza tafuta sababu. Kijana wa miaka ishirini akisema anakwenda Namugongo kwa miguu, watu humpa chupa ya maji na kumtakia safari njema. Mtu wa miaka arobaini na minane akisema hivyo hivyo, watu huuliza nyumbani kuna nini. Kwa hiyo uwe na jibu. Nadhiri ni jibu zuri kwa kuwa haihojiwi: mtoto amefaulu mtihani, kesi ya shamba imekwisha, uvimbe umepimwa ukaonekana si kitu. Kama huna nadhiri, mtumie daktari. Yeye alisema, "Mzee, jaribu kutembea kidogo jioni." Wewe ukasikia, "Nenda Uganda."

Ukishapata sababu, itangaze. Usingoje mpaka uweze kupanda ngazi za ofisini bila kusimama ghorofa ya pili na kujifanya unasoma matangazo ya ubaoni. Mahali pa kutangazia ni kwenye jumuiya, mbele ya katekista na akina mama wawili watatu wenye kumbukumbu ndefu. Hao ndio watakaokuzuia kughairi. Ikifika mwezi wa nne, kila Jumapili utaulizwa, "Baba Kevo, magoti yanaendeleaje?" na utalazimika kuyasifu magoti hadharani.

Safari yenyewe, kwa asiyeijua, ina tarehe isiyosubiri mtu. Juni 3 ndiyo siku ya Mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakachomwa moto pale Namugongo Juni 3, 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kati yao kuwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana wanawakumbuka 23 wa kwao, na wana mahali pao pa hija hapo hapo Namugongo. Wanaotembea hutoka Mbarara, Kigali, Bukoba, Kongo, Eldoret. Kuna wanaoanzia Nairobi, zaidi ya kilomita 600, na hao nawaheshimu kwa mbali. Wewe panda basi la usiku hadi Busia, uanzie mpakani. Zimebaki kilomita 200 kasoro kidogo, na hiyo bado ni hija. Usikubali mtu wa Eldoret akuambie vinginevyo.

Sasa unda kamati. Wenye umri wetu hatujui kufanya jambo lolote bila mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msaidizi wa mweka hazina. Fungua kundi la WhatsApp, uliite "Namugongo kwa Miguu" na emoji ya mikono iliyofumbatana, kisha mjadili rangi ya fulana. Mjadala huu utachukua Februari yote na sehemu ya Machi. Kuna watakaotaka nyekundu kwa sababu ni rangi ya mashahidi, na watakaotaka bluu kwa sababu nyekundu inaonyesha jasho. Mtu mmoja atatuma bei za fulana zenye kola. Mwingine atatuma video ya mahubiri ya dakika arobaini ambayo haihusiani na lolote. Mwangalie kwa makini anayechangia zaidi ya wote kuhusu kola: huyo mtakutana naye Namugongo Juni 2 jioni, ameshuka kwenye basi, fulana yake imepigwa pasi.

Jambo moja la maana ambalo kamati hufanya ni kukodi gari la mizigo. Gari hili hutangulia na magodoro, sufuria, maharagwe na masanduku. Siku ya kwanza hubeba magodoro, sufuria, maharagwe na masanduku. Siku ya tatu hubeba magodoro, sufuria, masanduku na mwenyekiti. Atasema anakwenda mbele kuhakikisha malazi.

Kuhusu mazoezi, simu yako ina kifaa cha kuhesabu hatua. Usikiguse. Watu wa makamo wamekwisha kujua kwamba simu ikitiwa mfukoni mwa mtoto anayecheza mpira, huleta hatua elfu kumi kabla ya chakula cha mchana, na picha ya hatua hizo hupendeza sana kwenye kundi. Ukitaka kufanya kweli, anza Machi: kilomita tano mara tatu kwa wiki, kisha ongeza kidogo kidogo, na kufikia mwanzoni mwa Mei tembea kilomita ishirini Jumamosi na ishirini tena Jumapili baada ya misa. Jumapili ndiyo yenye habari. Jumamosi mtu yeyote anaweza. Kinachokungoja Uganda ni kuamka na miguu ya jana ukaivalisha viatu vya leo. Ukipenda mlima, nenda Subukia ukapande kilima cha Bikira Maria mpaka kwenye chemchemi. Kupanda kutakuumiza kifua, kushuka kutakuumiza magoti, na utajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichozeeka zaidi.

Viatu sasa. Hapa nitakawia, maana hapa ndipo heshima ya mtu hupotelea.

Njia inayopendwa ni kwenda dukani wiki ya mwisho ya Mei na kununua viatu vyeupe kabisa, saizi yako ile ile ya tangu shule, na kuvivaa kwa mara ya kwanza mpakani ili visichafuke. Hii itakupa malengelenge kabla ya Bugiri. Mguu unaotembea mchana kutwa huvimba. Kiatu kinahitaji nafasi ya kidole gumba mbele, na kinahitaji wiki kadhaa za kuzoeana na wewe. Mimi husema nenda Gikomba. Kiatu cha mtumba kimekwisha kulainishwa na mtu wa Ulaya aliyekuwa na muda. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, ili zisuguane zenyewe zikuache wewe. Kata kucha mapema, zinyooke, zisiwe ndefu. Paka mafuta ya mgando vidoleni, kisigino, na kati ya mapaja. Kamati haitakuambia habari za mapaja, lakini kufikia Iganga utaona wanaume wazima wakitembea miguu wazi na kuzisingizia nyonga.

Lengelenge likitokea, liache kama halikuzuii kutembea. Likikuzuia, lisafishe, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa, ulifunike. Kuna mzee katika kila msafara anayepitisha uzi na kuuacha humo ndani kama utambi. Mshukuru, mpe chai, umfiche miguu yako, kwani uzi huo huo ni barabara ya vijidudu. Na kama una sukari, kagua nyayo kila jioni kwa macho, usingoje maumivu: neva zikishachoka, kidonda hakipigi hodi. Dawa zako za presha na sukari zitembee nawe mwilini, zisiende na gari la mizigo. Gari la mizigo liko mbele, na mwenyekiti yumo.

Ukishafanya hayo yote, utapitwa na bibi wa miaka sabini aliyevaa ndara za plastiki, amebeba kirago kichwani na rozari mkononi, akiimba. Usishindane naye. Wengi wamejaribu, na wameonekana baadaye wamekaa chini ya mwembe wakiwaza.

Mkoba wa mgongoni uwe mwepesi: nguo mbili za kubadilisha, leso au shuka, koti la mvua kwa kuwa masika ya Uganda hayajaisha Mei, tochi, sabuni, chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Acha pasi. Acha mto. Acha ile suti uliyokusudia kuvaa Juni 3. Mpakani beba kitambulisho au pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kisha badilisha fedha. Elfu arobaini za Kenya, kwa viwango vya miaka hii, zinakufanya milionea kabla ya chai. Furahia. Itakuwa mara yako ya mwisho kufurahia jambo lolote hadi Jinja.

Barabara yenyewe ni ya malori yanayotoka Mombasa na mafuta na makontena ya nusu ya Afrika ya Kati. Tembea upande wa kulia, uyaone yakija. Ondokeni saa kumi alfajiri mkiwa na vizibao vya kuakisi mwanga, mpumzike jua likikolea. Kilomita 25 kwa siku zinatosha; zitakufikisha kwa siku nane. Adui wako mkubwa si lori bali bodaboda, biashara iliyozaliwa kwenye mpaka huo huo unaoupa mgongo. Kila baada ya mita mia mbili kijana atapunguza mwendo kando yako na kukuita "ssebo", yaani bwana, kwa huruma ya kweli. Hakujaribu. Ameona tu mtu wa umri wa baba yake anachechemea juani.

Kati ya Bugiri na Iganga, ukianza kuwaza kwamba hija hii ni ya vijana, hujakosea sana. Mashahidi wengi walikuwa vijana wa ikulu. Kizito alikuwa na miaka 14 hivi, na Karoli Lwanga, kiongozi wao, hakuwa amefika thelathini. Lakini yupo Matia Mulumba. Alizaliwa huku Busoga, akatekwa akiwa mtoto na kupelekwa Buganda, na alipouawa Mei 1886 anakadiriwa kuwa na miaka hamsini, mtu mwenye familia na madaraka. Alikatwa viungo akaachwa kilimani Kampala, na alichukua siku kadhaa kufa. Nakushauri, unapopita Busoga, usilalamikie goti kwa sauti.

Usiku mtalala kwenye kumbi za parokia na madarasa, sakafuni, bega kwa bega. Chagua mahali karibu na mlango. Kibofu cha mtu wa makamo kitakuamsha saa nane, na kati yako na nje kuna miguu arobaini yenye malengelenge, yote ikiwa na masikio. Kuhusu kukoroma, mwahi usingizi jirani yako. Baada ya hapo ni shida yake.

Ukivuka Nile pale Jinja, kwenye daraja lililofunguliwa 2018, usisimame kupiga picha. Askari wa pale hawana utani. Msitu wa Mabira utakupa kivuli, na Najjembe itakupa jaribu: wachuuzi watakukimbilia na kuku wa kuchoma, maini na ndizi za gonja. Mfungo wako, kama uliuahidi, utaishia hapo. Hakuna anayehesabu.

Namugongo utafika umechoka kuliko ulivyopanga kuonekana. Utaikuta basilika yenye nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na ziwa dogo lenye madhabahu katikati, na watu, watu, watu. Chota maji kwenye kidumu kama wenzako. Tafuta mahali pa kukaa tangu usiku. Asubuhi mahubiri yatakapoanza utalala, na utalala vizuri kuliko usiku wowote wa njiani, umeegemea mgongo wa mtu usiyemjua ambaye naye amelala.

Rudi kwa basi. Usilione haya basi. Lakini kila kituo cha kuchimba dawa, anza kushuka mapema kabla halijasimama, kwani miguu itahitaji kujadiliana. Nyumbani, kilomita 200 zitakuwa 300 kufikia mwisho wa Juni, na 600 kufikia Krismasi. Mwache mkeo asahihishe, hata ukimkataza atasahihisha. Mweka hazina atasema hesabu za fulana zinaandaliwa. Ukucha wa kidole gumba utageuka mweusi, na baada ya wiki kadhaa utang'oka wenyewe, bila maumivu, pengine ndani ya soksi ukiwa ofisini. Ni jambo la kawaida, mwingine utaota. Utupe. Usiuhifadhi kama masalia.