Unayo au Huna?

Jamani, usiombe kupima presha mji huu. Mimi nilipitia tu kituo cha afya, nimepanda kilima kwa miguu maana hela ya boda sina. Baridi ya Juni ya Songea si unaijua? Nina sweta mbili. Mkojo umenibana. Nesi akanifunga ule mpira juu ya masweta, ukavimba, ukanikaba mkono, na mimi huku namlalamikia bei ya mbolea. Mashine ikalia. "Baba, una presha. 158 kwa 96."

Basi! Nafika nyumbani, mama watoto ana habari zote. Chumvi imefichwa. Dagaa nyasa wasio na chumvi umewahi kula wewe? Wamekodoa macho kwenye sahani, na mimi nimewakodolea. Kijiweni ndo usiseme. Mmoja anauliza, "Ya kupanda au ya kushuka?" Sasa mimi ningejuaje? Nilikata tiketi? Mwingine kaniagiza kitunguu saumu, mwingine choya. Fundi baiskeli, huyo hata dozi ya minyoo hakumaliza, ananishika kisogo: "Hapa hapaumi? Basi huna."

Nikarudi kupima. Safari hii nikamkuta daktari, mkali huyo! Kwanza nenda chooni. Vua sweta. Egemea kiti, usikunje nne, miguu chini. Mkono mezani, usawa wa moyo. Dakika tano kimya. Mimi, kimya! Akapima: 128 kwa 82.

"Kwa hiyo sina presha?"

"Mzee, kila mtu anayo. Ni damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu moyo ukijiminya, ya chini ukilegea. Asiye nayo tunamfunika shuka." Ugonjwa, anasema, ni ikiwa juu, kuanzia 140 kwa 90, tena ipimwe siku tofauti. Na kisogo hakina habari: wengi iko juu na hawasikii chochote, hadi wapooze. Nirudi tena wiki ijayo.

Nyumbani nikaeleza yote, kwa mikono na miguu. Mama watoto akanikata: "Kwa kifupi, unayo au huna?"

"Ninayo. Hata wewe unayo."

"Mimi nina presha? Nani kakwambia?" Huyo, chumbani, kajilaza, kajifunga kilemba kichwani. Jioni shemeji kapiga simu toka Mbinga, anataka kujua nimemfanya nini dada yake.