Kibulgaria cha Lweba

Mwalimu wetu wa kwaya ametuchosha. Wenzetu wa Baraka wanaimba Kiswahili, Kibembe, na Kilingala kidogo siku wakubwa wa Kinshasa wakipita. Sisi wa Lweba tunaimba Kibulgaria. Chanzo ni mpwa wake, aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani, na huko akapata video ya kwaya ya akina mama wa Bulgaria, akamrushia mjomba WhatsApp. Mega zilizoliwa zilikuwa zangu.

Si kwamba wale mama wa Bulgaria hawajui. Wanapaza koo kama mama zetu wakiita pirogi ya ndagala iliyo bado katikati ya ziwa. Sauti moja inabaki chini, haitikisiki. Nyingine inakuja kuibana kwa karibu hadi meno yanakuwasha. Mwaka 1990 kwaya yao ikapewa tuzo ya Grammy. Soprano na alto zetu hubanana vilevile kila Jumapili, na papa mchungaji anafupisha kipindi cha nyimbo.

Balaa ni mapigo. Mbili, mbili, tatu. Wenyewe wanaiita rachenitsa, wanaicheza arusini. Sisi mabesi, kila tukifika kwenye ile tatu, mguu unabaki hewani ukingoja ruhusa. Tena repetisyo inaanza jioni, wakati harufu ya bukari na samaki imeshajaa mtaa mzima.

Tukaalikwa harusi Rumonge, ng'ambo ya pili, Burundi. Michango ikaanza: mafuta ya boti, karatasi za mpaka, vitenge vya kufanana. Mwenye harusi aliahidi chakula tu. Tukavuka, tukasimama, tukaimba. Warundi wakadhani ni Kibembe. Wabembe wanaoishi pale wakadhani ni Kirundi cha milimani huko. Wote wakapiga makofi kwa adabu, kila mtu na hesabu yake. Mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

Ungedhani mwalimu ataona haya. Wapi! Anatuhubiria kwamba wimbo wa Valya Balkanska, mama mwingine wa Bulgaria, ulipakiwa kwenye vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977, na leo umepita sayari zote, bado unakwenda. Nikamwambia huyo mama hakuchangishwa mafuta.

Sasa amegundua jambo jipya. Katika wimbo ule, Valya anasindikizwa na gaida, zumari yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi mzima. Jumamosi, baada ya sala ya kufunga, akanisogelea akitabasamu. "Yaya, yule beberu wako mweusi anaendeleaje?"

Nikajibu anaumwa. Usiku huohuo nilimpeleka kwa shemeji yangu, Lusenda.