Ainisho la Vitu Hatari, Toleo la Lumino

Umoja wa Mataifa umegawa bidhaa hatari katika makundi 9. Uchunguzi wangu, uliofanyika kwenye benchi la waendesha boda boda hapa Lumino, Uganda, unathibitisha kwamba sisi hutumia matatu tu: kinachonuka, kisichonuka, na "hii ni ya nani?"

Kundi la kwanza ndilo lililochambuliwa zaidi. Petroli ya magendo hufika ndani ya mitungi nyuma ya pikipiki, kisha hupangwa kando ya njia katika chupa za maji ya kunywa. Lebo haijabanduliwa: mlima, theluji, na ahadi ya usafi. Mnunuzi haisomi. Anafungua kizibo, ananusa, analipa. Kipimo hiki ni sahihi sana, hasa kama mnusaji amezima sigara yake kwanza.

Kundi la pili linaiangusha nadharia ya pua. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu wilayani Busia, zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa, kisha kidonge cha rangi ya fedha kinachotokea huchomwa makaani ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki haunuki. Mama anayepika ugali hatua tatu kutoka pale hana cha kumwonya, na mikono ikianza kutetemeka miaka baadaye, hakuna anayekumbuka lile jiko.

La tatu ni kundi la kisheria: lori la mafuta limepinduka, na swali ni la umiliki. Usiku wa Julai 17, 2021, pale Malanga, Gem, nchini Kenya, kwenye barabara ya Kisumu hadi Busia, lori liligongana na gari la maziwa. Watu walikuja na mitungi, moto ukalipuka, watu wasiopungua 13 wakafa. Walijua fika kwamba ni petroli. Hawakujua kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji hadi ukutane na cheche.

Sheria nazo zina ainisho lao. Ukiandika kuuliza lori limebeba nini, Uganda, kwa sheria ya kupata habari ya 2005, afisa wa habari ana siku 21 kukujibu. Kenya, kwa sheria ya 2016, ni siku 21 pia, ila saa 48 ombi likihusu uhai wa mtu. Kwa hiyo anayepanga kupinduka mpakani Malaba na achague upande wa Kenya, halafu auombe moto usubiri hadi keshokutwa.

Njia fupi ya kujua kilichomo ipo, nayo haina barua wala muhuri. Lori lililofuata kanuni hubeba bamba la rangi ya chungwa lenye namba mbili. Soma ya chini ukiwa mbali: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa. Wapigie polisi 999, wasomee namba hiyo kabla ya kitu kingine, na mtungi wako uuache nyumbani.