Kichwa cha Papa Haydn

Chanzo kilikuwa bafle. Ng'ambo ya barabara yetu, hapa Mangobo, kuna nganda, yaani baa, yenye bafle zilizonizidi kimo, na kila Ijumaa jioni sahani zetu kabatini hucheza ndombolo zenyewe bila kusukumwa na mtu. Sina ugomvi na ndombolo. Nimeicheza mpaka kiuno kikaomba likizo. Lakini siku moja nilimsikia kitindamimba wetu, mwenye miaka sita, akitaja kwa mpangilio majina ya matajiri wote waliorushiwa libanga, yaani sifa za kulipiwa, katika wimbo mmoja, bila kuruka hata mmoja, na mbili mara nne imemshinda tangu Pasaka. Nikamwambia mama yao: hawa watoto wanahitaji muziki usiotaja jina la mtu.

Kifungua mimba akadakia, "Sasa Papa, kama haumtaji mtu, nani atalipa?"

Ni msichana wa miaka kumi na miwili na anaelewa uchumi kuliko mimi, mwalimu wa sekondari. Sikumjibu.

Mwenzangu wa kazi alinipa flash iliyojaa muziki wa Ulaya wa zamani. Beethoven nilimwogopa, maana katika kila picha ana uso wa mkaguzi aliyekuta daftari la mahudhurio tupu. Nikamchagua Joseph Haydn, kwa sababu moja tu: wanamuziki aliowaongoza walimwita Papa. Mtu anayeitwa Papa hawezi kushindwa kuishi Kisangani. Isitoshe, alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, Austria, baba yake akiwa fundi wa magurudumu. Kwa hesabu za mtaa wetu huyo ni mtoto wa fundi wa baiskeli za toleka, na mtoto huyo akaja kutunga simfoni zaidi ya mia moja.

Na asije mtu kuniambia kwamba huo ni muziki wa wazungu. Kinshasa kuna orkesta ya kanisa la Wakimbangu tangu 1994, aliyeianzisha ni Armand Diangienda, aliyekuwa rubani kabla ya hapo, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa hilo. Ipo filamu ya 2010 kuhusu orkesta hiyo: umeme unakatika wakiwa katikati ya mazoezi ya Beethoven, nao wanaendelea kupiga gizani. Nilipoitazama niliona fahari. Sikuona kwamba wao gizani wana fidla, na mimi nina flash.

Somo la kwanza lilikuwa Jumapili baada ya chakula. Nilichagua Simfoni ya 94, ile iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Sehemu yake ya pili ina mzaha: fidla zinanong'ona wimbo mwepesi kama wa kubembeleza mtoto, zinaurudia kwa sauti ya chini zaidi, na msikilizaji anapoanza kusinzia, orkesta nzima pamoja na ngoma inampiga kishindo kimoja. Niliwaeleza watoto mapema, wakae tayari. Shemeji yangu, yaani noko wao, alikuwa kwenye kiti changu na sahani ya lituma mapajani, naye alianza kusinzia kabla hata fidla hazijaanza. Nikaona Mungu ameniletea kifaa cha kufundishia.

Fidla zikanong'ona. Zikarudia, chini zaidi. Watoto wakaacha kupumua. Umeme ukakatika.

Kishindo hakikuja. Tulikaa tunaitazama bafle kama ndugu wanaongoja marehemu azungumze. Ndipo mtoto wetu wa pili, mvulana wa miaka kumi asiyependa kazi iachwe nusu, akainuka, akachukua sufuria na kifuniko chake, akaumalizia mzaha wa Papa Haydn sentimita tano kutoka sikio la noko wake.

Lituma ilifika darini. Kwenye dari la bati, bahati nzuri, lituma inabanduka.

"Bokilo," shemeji aliniambia alipopata tena sauti, "kama hutaki nije kula kwako, niambie kwa mdomo."

Nikaamua kwamba, madhali umeme hauna ratiba, niwafundishe maisha yake kwanza na muziki ufuate. Hapo ndipo nilipoharibu. Maisha ya Haydn hayamfai mtoto mwenye mikono. Alikuwa mwimbaji katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna, na inasimuliwa kwamba mwaka 1749, sauti yake ikiwa imeshavunjika na haitakiwi tena, alijaribu mkasi mpya kwa kuukata mkia wa nywele wa mwenzake aliyekaa mbele yake. Akachapwa, akafukuzwa. Nilisimulia kisa hicho kuonyesha jinsi Mungu anavyoweza kumwinua hata mtundu. Mvulana wangu alisikia neno mkasi tu.

Kumbuka kwamba dada yake alikuwa amesukwa Jumamosi, saa nne mfululizo, pakiti tatu za meshi. Jumatatu asubuhi msuko mmoja ulikuwa juu ya meza karibu na mkate.

"Nani amekufundisha hivi?" mama yao aliuliza.

"Papa Haydn."

"Huyo Haydn anakaa avenyu gani?"

Kabla sijamtetea marehemu, watoto wote watatu walininyooshea kidole. Nililipia kusuka upya, meshi mpya, na kitambaa cha kichwani cha kuvaa shuleni wakati wa kungoja. Hakuna tikiti ya onyesho huko Vienna ambayo ingezidi gharama yangu siku ile.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini watoto walianza kuniomba wenyewe, "Papa, tusimulie tena za Papa Haydn," na ni mwalimu gani amewahi kuombwa somo akakataa? Nikawasimulia kifo chake. Alifariki tarehe 31 Mei 1809, jeshi la Napoleon likiwa limeishika Vienna. Siku chache baada ya maziko, watu wawili walimhonga mchimba kaburi wakaiba kichwa, kwa sababu enzi hizo walikuwapo walioamini kwamba kipaji cha mtu kinasomeka kwenye matuta ya fuvu. Mwaka 1820 kaburi likafunguliwa ili mwili uhamishiwe Eisenstadt, wakakuta wigi peke yake. Polisi wakamfuata mmoja wa wezi nyumbani. Fuvu lilikuwa limefichwa ndani ya godoro, na mke wa mwizi amelala juu yake akijifanya mgonjwa. Hawakulipata. Mwizi aliwapa fuvu la mtu mwingine, likazikwa. La kweli lilirudishwa mwaka 1954, na la yule mwingine halikutolewa, kwa hiyo mpaka leo Papa Haydn ana vichwa viwili.

Watoto hawakusema neno. Nikadhani wameguswa.

Kesho yake alasiri nilikuwa sebuleni na shemeji, aliyekwisha kunisamehe kwa sharti la kukaa mbali na jiko, nikimweleza kwamba mshahara umechelewa na nyumbani hakuna kitu. Sikuwa nadanganya: mama yao alikuwa ameniapia asubuhi ileile kwamba hakuna hata faranga ya chumvi. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya kitambaa kinachopasuka, kisha mbio, kisha kitindamimba akatokea mlangoni, sponji imemnata nywele zote na bahasha mkononi.

"Papa! Kichwa hakipo, lakini kuna pesa!"

Ilikuwa likelemba ya mama yao, ile michango ya kupokezana. Zamu yake ilikuwa imefika wiki mbili kabla. Shemeji alitazama bahasha, akanitazama mimi, akakumbuka ana safari. Mama yao aliporudi sokoni alikuta godoro limepasuliwa kama samaki wa liboke na mume wake ameshika bahasha ambayo hakupaswa kujua ipo. Kila mmoja wetu alikuwa na la kuuliza, na kila mmoja aliona ni afadhali mwenzake asianze. Chakula cha usiku tulikula kimya. Godoro jipya lilinunuliwa kwa likelemba hiyohiyo, na flash ikahamia juu ya kabati.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuwasimulia Simfoni ya 45. Mwaka 1772, mtawala Nikolaus Esterházy, mwajiri wa Haydn, alikawia mno katika jumba lake la shambani, na wanamuziki wake walikuwa wameacha wake zao Eisenstadt. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Aliandika simfoni ambayo mwishoni kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake, anaondoka, mpaka zinabaki fidla mbili. Sisi walimu tungeuita mgomo mkavu. Niliusimulia kwa raha ya mtu aliyewahi kugoma, nikasahau kwamba nyumbani mwajiri ni mimi.

Likizo kubwa ilianza. Watoto walitaka kwenda kwa koko wao Lubunga, ng'ambo ya mto. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika nikasema ile nyingine.

Usiku mmoja, umeme haupo, tulikuwa mezani tukimenya karanga, kila mtoto na mshumaa wake. Kifungua mimba akaanza kuimba puani ule wimbo wa fidla zinazonong'ona. Simfoni siyo yenyewe, lakini nani alikuwa na hali ya kusahihisha? Akapuliza mshumaa wake, akainuka. Mdogo wake akafuata. Kitindamimba akapuliza mara tatu, maana meno ya mbele hana, akaondoka kwa heshima zote.

Tukabaki wawili, mimi na mama yao, kwa mshumaa mmoja. Akamenya karanga yake ya mwisho, akanitazama, akapuliza.

Nikolaus, wanasema, alielewa usiku uleule, na kesho yake watu wakafunga mizigo. Mimi ni mzito kidogo, nilielewa alfajiri. Saa moja asubuhi tulikuwa ukingoni, watu watano na kuku mmoja wa koko, tukingoja mtumbwi. Nilikuwa nahesabu faranga zangu kwa mara ya pili, kiasi kikiwa kilekile, kitindamimba aliponivuta shati.

"Papa, yule mtawala aliwalipia nauli?"

Mama yao alikuwa tayari ameshatoa bahasha.